Sketi ya Marinda na Kikoi cha Baba

Najua nimepotea. Wale mliokuwa mnapita hapa na kukuta mlango umefungwa tangu Desemba, mnisamehe. Sababu ni mbili tu: insha za muhula, na kibarua. Ndiyo, nimepata kibarua! Glasgow si mji wa kukaa kwa kutegemea hela ya udhamini peke yake, na sisi wanafunzi wa kutoka nje tunaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Kwa hiyo Jumamosi nzima na jioni mbili za katikati ya wiki niko dukani.

Duka gani? Hapo ndipo penye stori. Duka la kushona na kukodisha kilti.

Kwa wasioijua, kilti ni ile nguo ya wanaume wa Uskoti, ya mirabaraba, inayoishia magotini. Siku ya kwanza nilijipiga picha nimesimama katikati ya kilti kama 60 zilizotundikwa, nikaituma kwenye kundi letu la darasa. Mnakumbuka wenyewe mlichoandika. "Kaka, umekwenda Ulaya kushona sketi za shule ya msingi?" Mwingine, "Hongera kwa sketi za marinda, dada yetu!" Nilicheka mpaka machozi, siwezi kukataa. Ila sasa miezi miwili imepita na kicheko kimepungua kidogo, na ndiyo maana leo nimekaa kuandika.

Ngoja kwanza niwaeleze nguo yenyewe, maana na mimi nilikuwa sijui kitu.

Kilti ya heshima inakula yadi 8 za kitambaa cha sufu, yaani zaidi ya mita 7, kwa mwanamume mmoja! Mbele ni bapa, vipande viwili vinapishana. Nyuma ndiko kwenye marinda, na marinda yale hayakunjwi hovyo. Fundi anahesabu mistari ya kitambaa, ile wanayoiita tartani, ili akishakunja kila rinda michoro irudi kuwa ileile kana kwamba kitambaa hakijakunjwa. Chini hakupindwi, ukingo wa kitambaa wenyewe ndio mwisho. Inafungwa juu kabisa, usawa wa kitovu, na mikanda midogo ya ngozi pembeni. Haina mifuko, ndiyo maana mbele wananing'iniza kimkoba kinachoitwa sporani. Halafu soksi ndefu, na kisu kidogo kimechomekwa kwenye soksi.

Mzee fundi wetu ameshona hizi kwa zaidi ya miaka 40. Akikuta nimetundika kilti marinda yamelala vibaya, hasemi neno. Anaitoa, anaitundika upya, ananitazama. Hiyo inatosha, siku nzima nitatundika vizuri.

Sasa nyuma ya duka kuna safu ya pili, na hiyo safu ndiyo yenye ugomvi. Huko zimo kilti za kisasa. Ipo ya kijivu tupu, haina mstari hata mmoja. Ipo nyeusi ya ngozi. Ipo ya kitambaa cha jinzi. Na ipo ya pamba nzito yenye mifuko mikubwa pembeni kama suruali ya mgambo, hiyo haifungwi kitovuni, inakaa kiunoni kama suruali ya kawaida.

Hizi si za jana. Pale Edinburgh, Howie Nicholsby, mtoto wa fundi wa kilti, alianzisha 21st Century Kilts mwaka 1996, akawa anashona za jinzi, za ngozi na vitambaa vingine ambavyo wazee hawakuwahi kuviwazia. Zile zenye mifuko mikubwa zilipata jina zaidi huko Marekani, mji wa Seattle, ambako kampuni ya Utilikilts ilianza mwaka 2000 na wateja wake wakawa mafundi na watu wa kazi za mikono. Yaani mtu anapanda ngazi na nyundo yake, yuko ndani ya kilti. Aisee.

Nikiwa pale dukani huwa naangalia wanaume wanavyoipokea hiyo safu ya nyuma, na nimewagawa makundi matatu. Kundi la kwanza wanaigusa, wanacheka, halafu wanageuka kuangalia kama kuna mtu anawaona. Kundi la pili wanakasirika. Wanakasirika kweli, uso unaiva, wanamuuliza mzee fundi kama haoni haya kutundika kitu kama hicho chini ya paa moja na tartani za koo zao. Kundi la tatu, dogo, wanauliza saizi.

Kilichonishangaza ni nani anakasirika. Ningetegemea awe mzee fundi mwenyewe. Wapi! Yeye ugomvi wake ni na zile kilti za bei ya kutupa wanazouziwa watalii, kitambaa cha akriliki, marinda yamebanwa na pasi tu bila kushonwa ipasavyo. Kuna babu mmoja pia huja kurekebishiwa mikanda, yeye anavaa kilti kila Jumapili kwenda kanisani, mvua iwepo isiwepo. Siku moja aliikuta ya jinzi mezani, akaigeuza, akakagua mshono, akasema, "Hii ningeipata mwaka 1970 ningeivaa." Basi, akaenda zake.

Wanaokasirika ni wale waliokuja kukodi. Walivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya shemeji, na watavaa tena harusi ya mtoto.

Nilimsimulia jirani yangu wa chumba, jamaa wa kutoka Inverness, akacheka. Yeye ndiye kundi la tatu. Ana ile ya mifuko, nyeusi, anaivaa darasani siku tatu kwa wiki na buti za kupandia milima. Vijana wanampigia miluzi kutoka kwenye magari. Wazee wa kwao wanamwambia ile si kilti, ni sketi yenye mifuko. Na wakiwa wamelewa ndiyo balaa, kila mtu anataka kujua ndani amevaa nini. (Msidhani ni utani mdogo. Mwaka 2017 baa moja ya hukohuko kwao Inverness iliingia magazetini kwa sababu wahudumu wanaume waliacha kilti wakarudi kwenye suruali, wamechoka na wateja wa kike wanaowainulia nguo.)

Nikamuuliza, sasa kwa nini usivae ile ya tartani, ukaepuka maneno? Akasema, "Nikivaa ile naulizwa harusi ya nani. Nikivaa hii naulizwa nina nini. Nataka ifike siku nisiulizwe kitu."

Hayo maneno nilikwenda nayo kulala.

Haya, sasa niwape kisa cha Jumamosi moja, mwanzoni mwa Januari. Waliingia baba na mwanawe. Kijana anaoa mwezi wa nne. Baba mtu amejaza mwili, mpole, ananisalimia vizuri. Kijana akaenda moja kwa moja safu ya nyuma akachukua ile ya kijivu tupu. Nikampima, nikamfunga, akajitazama kwenye kioo, ikamkaa kisawasawa. Jamani, kijana alipendeza.

Baba akasema, "Ivue."

Kijana akadhani ni utani. Baba akarudia. Akasema babu yako hakuvaa kijivu, mimi sikuvaa kijivu, na wewe hutasimama mbele ya watu wetu umevaa pazia. Kijana akajibu kwamba ile tartani ya ukoo inamfanya ajione kama sanduku la biskuti. Mimi nimeshika tepu ya kupimia shingoni, sijui niangalie wapi. Nikajifanya napanga soksi.

Mzee fundi akatoka nyuma na kikombe chake cha chai. Hakuamua ugomvi. Alimuuliza tu yule baba, kwa upole, "Mara ya mwisho uliivaa lini?"

Kimya. Baba akasema alivaa harusini kwake. Miaka 31. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kusimulia. Alikuwa kijana, amekwenda kufanya kazi Uingereza, akavaa kilti kwenda kuangalia mpira. Ndani ya treni kundi la watu wakamzingira, wakamwita dada, wakamuimbia, mmoja akavuta nguo kwa nyuma. Abiria wengine wakacheka. Alishuka kituo kisicho chake. Toka siku hiyo aliiweka kabatini mpaka alipooa.

Halafu akamgeukia mwanawe akasema, "Wakikucheka, angalau wakucheke kwa kitu cha kweli."

Hapo kijana hakujibu. Waliondoka bila kukodi chochote.

Jumatano jioni yule baba akarudi, peke yake. Akazunguka zunguka dukani, akashika mikanda, akashika soksi, mwisho akanisogelea akauliza kwa sauti ya chini kama ile ya kijivu ipo ya saizi yake. Nikaangalia kwenye daftari. Ilikuwa imeshakodishwa! Akasema, "Aa, nilikuwa nauliza tu." Akachukua tartani ya ukoo, yake, na kwa jina la kijana akaandikisha ya kijivu. Akalipa amana ya zote mbili.

Nilipomaliza kucheka na mzee fundi, nilimuuliza: hivi ya kweli ni ipi? Akanambia nenda maktaba, si unasoma chuo. Nikaenda.

Kumbe wandugu, kilti ya kwanza haikuwa na mshono hata mmoja! Zamani, tangu miaka ya mwisho ya karne ya 16, wanaume wa milimani Uskoti walikuwa na shuka moja kubwa la sufu. Unalitandaza chini, unalikunja kunja, unalala juu yake, unafunga mkanda kiunoni, unasimama. Nusu ya chini ndiyo vazi, nusu ya juu unaitupia begani, na usiku linakuwa blanketi. Hii fupi yenye marinda ya kushonwa ilikuja karne ya 18. Wapo wanaosema aliyeianzisha ni Mwingereza mwenye tanuru la chuma, Thomas Rawlinson, aliyeona wafanyakazi wake wanasumbuka na lile shuka kubwa. Waskoti wengi wanaipinga hadithi hiyo kwa nguvu zote, na ukiitaja mezani, chai inaweza kumwagika. Lakini aliyeianzisha awe nani, ilikuwa ni mtindo mpya wa wakati huo. Yaani "ya asili" ilianza kwa kukata nguo ya mababu katikati.

Halafu ikapigwa marufuku. Baada ya vita vya Culloden, mwaka 1746, serikali ilitunga sheria, na kuanzia Agosti 1747 mwanamume wa milimani akikamatwa na vazi hilo ni kifungo miezi 6, akirudia anapelekwa ng'ambo miaka 7. Wanajeshi wa mfalme tu ndio walioruhusiwa. Sheria ilifutwa mwaka 1782. Miaka 40 tu baadaye, 1822, Mfalme George wa Nne akaja Edinburgh na kilti imemkaa kiunoni, mapokezi yameandaliwa na Sir Walter Scott, na matajiri wa mjini ambao babu zao waliwaona watu wa milimani kuwa washenzi wakakimbilia kwa mafundi kushona. Ile habari ya kila ukoo na tartani yake nayo ilishika kasi katika karne hiyohiyo ya 19. Na bado zinazaliwa: daftari rasmi la serikali la kuandikisha tartani lilifunguliwa mwaka 2009, na mpaka leo watu wanaandikisha mpya.

Kwa hiyo nguo ilianza kwa wachungaji, ikawa kosa la jinai, ikawa sare ya jeshi, ikawa ya mfalme, ikawa ya harusi. Na mwaka 2024, timu yao ilipokwenda Ujerumani kwenye kombe la Ulaya, maelfu ya mashabiki walijazana mitaani na kilti, jezi ya mpira juu, buti chini. Mzee gani alilalamika kuhusu jezi? Sikumsikia.

Sasa... mnaweza kujiuliza, wewe mtoto wa Pangani, kilti inakuuma nini?

Inaniuma. Hii sijawahi kumwambia mtu.

Mnaonifahamu mnajua baba yangu ni fundi wa mashua. Maisha yake yote nimemwona na kikoi. Kazini anakikunja juu ya magoti, jioni anakishusha, Ijumaa anavaa cheupe chenye pindo la kijani na shati la mikono mirefu na kofia. Suruali anayo moja, ya kwendea ofisi za serikali, na akiivaa anatembea kama ameazima miguu.

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tano, bweni, mkoa wa bara. Siku ya wazazi. Baba alipanda basi usiku kucha. Akafika asubuhi getini amevaa vizuri kabisa: shati jeupe, kofia, na kile kikoi cha Ijumaa. Kwake hiyo ndiyo suti.

Tulikuwa tumekaa ukutani, washikaji kama sita. Mmoja akasema, "Oneni yule mzee, amevaa khanga ya mkewe!" Wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka kabla sijawaza. Baba akaniona, akaja moja kwa moja na kikapu chake. Mmoja akaniuliza, "Unamjua?" Nikasema, "Jirani yetu. Kaleta mzigo."

Baba alikuwa hatua tatu. Alisikia.

Alinipa kikapu. Kulikuwa na visheti na samaki wakavu. Akanitazama, akasema, mbele ya wale wote, kwa sauti yake ileile ya kila siku: "Baba yako anakusalimu sana. Kasema usome."

Akageuka akaenda zake. Hakuingia hata ndani ya geti. Kumi na kitu saa za basi kuja, kumi na kitu kurudi, na aliubeba uongo wangu ili mimi nisiaibike. Mpaka leo hatujawahi kulizungumza. Likizo ile nilirudi nyumbani, akanipokea kama kawaida. Nilipopata nafasi ya kuja huku, aliniwekea kikoi kipya kwenye sanduku, hakusema kitu. Na mimi nimekitumia nini? Taulo la kuogea.

Ndiyo maana yule baba aliposimulia habari ya treni nilishindwa kupanga soksi. Nilikuwa namsikiliza aliyechekwa, na najua mimi niko upande gani wa ile treni.

Na sisi nyumbani tunayo haya haya, tena bila kuyaona. Kikoi kimekatwa kikawa kaptura, kikawa shati, kikawa mkoba wa ufukweni, kikawa taulo la hoteli. Mdogo wangu ana kaptura ya kikoi, anajivinjari nayo mjini Tanga na wasichana wanamsifia, lakini mpe kikoi kizima ajifunge atoke nje, hataki. Siku ya kwanza baba kuiona ile kaptura aliuliza, "Nani kakatia kikoi chako panya?" Baadaye nikamwona ameishika kwenye kamba ya kuanikia, anaangalia mshono. Huko nje nako wakaona mali: mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba jina la kikoi, kwa tahajia yao, liwe alama yake ya biashara. Wakenya wakasimama kupinga, na mwaka 2008 ombi likafa. Yaani wenzetu walitaka kumiliki jina la nguo ambayo mimi niliikana getini.

Basi. Tarehe 25 Januari huku ni usiku wa Burns, wanamkumbuka mshairi wao Robert Burns. Wanakula hagisi, halafu kunakuwa na keili, yaani ngoma za kwao za kuchezwa kwa makundi. Jamaa wa Inverness akanambia, njoo, ila uvae kitu cha kwenu. Nikamwambia kwetu tunavaa suruali. Akasema, "Na lile taulo lako lenye matamvua?"

Jamani, nikakitoa, nikakipiga pasi. Lakini ni Januari, nje ni nyuzi mbili. Nikavaa suruali nyeusi ya kubana ya kuzuia baridi, kikoi juu yake, sweta la sufu, buti. Nikajitazama kwenye kioo. Kama kuna mtu amewahi kukiharibu kikoi, ni mimi. Kaptura ya mdogo wangu ilikuwa na heshima zaidi.

Nilitoka hivyohivyo. Kwenye basi nilihisi kila mtu ananitazama, na nadhani wawili watatu kweli walinitazama. Ukumbini palikuwa na kilti za kila namna, tartani, za jinzi, za mifuko, na vijana kibao wa suruali. Kuna mzee alimwendea jirani yangu akamwambia yale yale ya sketi yenye mifuko. Jamaa akatabasamu, akamkaribisha kinywaji, wakaishia kuzungumzia mvua.

Kisha ngoma. Kuna moja mnazungushana kwa kushikana mikono, mstari mzima, kasi ya ajabu. Raundi ya pili nikahisi pindo la kiunoni linalegea. Baba alinifundisha kufunga kikoi cha kuvulia samaki, hakunifundisha cha kuzungushwa na Waskoti! Jamaa akaniona, akanivuta pembeni, akavua mkanda wake mpana wa ngozi akanifunga juu ya kikoi. Nikacheka. Si ndiyo ile ya kwanza kabisa niliyoisoma maktaba? Nguo isiyo na mshono, na mkanda kiunoni.

Watu waliniuliza hiyo ni nini. Wengi. Niliwajibu.

Kesho yake nikampigia baba kwa video, kikoi nikiwa nimekivaa. Nikasimamisha simu kwenye vitabu nikarudi nyuma ili aone.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akasogeza uso kwenye simu. "Hiyo suruali nyeusi chini ya nini?"

"Baridi, baba."

"Na mkanda?"

"Kilikuwa kinavuka kwenye ngoma."

"Umekifunga vibaya. Umeanzia kulia." Akanyamaza akinitazama. "Umetoka nacho nje hivyo?"

"Nimetoka nacho. Kwenye basi, na kwenye ngoma yao."

"Walikuuliza?"

"Waliuliza."

"Ukawaambiaje?"

Nikasema, "Nimewaambia ni kikoi. Nimepewa na baba yangu. Nikawaambia baba yangu ndivyo anavyovaa."

Simu ikanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Nikamwona anafuta kioo cha simu kwa kidole, kama ambavyo huwa anafanya hata kikiwa kisafi. Nilitaka kusema lile neno la miaka yote, samahani baba, na lilikuwa limefika hapa kooni. Akaniwahi.

"Haya," akasema. "Waambie baba yako anawasalimu sana."

Nimeandika yote haya ili kuwaomba kitu kimoja, nyie wa kundi la darasa na mimi mwenyewe. Ile picha yangu ya kilti, tuliicheka, sawa. Ila mzee akipita na kikoi chake, kizima au kilichokatwa, au mshikaji akija na kilti yenye mifuko ya nyundo, tumpishe apite.

Saa nane usiku huku, kesho nina semina ya asubuhi na bado sijasoma ile makala. Mzee fundi ameahidi kunifundisha kuhesabu marinda Jumamosi. Nikiharibu kitambaa cha watu mtasikia hapahapa. Lala salama.